Kasma Isiyokuwepo: Kisa cha Wazazi wa Kata Moja ya Mwambao wa Kigoma

Jibu la halmashauri lilikuwa na sentensi tatu, na ya pili ndiyo iliyonisukuma kuandika uchambuzi huu. Ilisema: "Mnashauriwa kuunda kikundi na kuomba mkopo wa asilimia mbili unaotolewa kwa watu wenye ulemavu." Waliojibiwa hivyo walikuwa wazazi wa watoto 14 kutoka vijiji vitatu vya kata moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na katika barua yao hapakuwa na mahali popote walipotaja mkopo. Waliomba watoto wao wenye mtindio wa ubongo wafikiwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ili kila mzazi asilazimike kupanda mtumbwi hadi mjini kila wiki ya pili. Halmashauri hiyo siitaji jina, kwa kuwa katika kisa hiki makosa hayakuwa ya upande mmoja, na kwa kuwa nina hakika kwamba barua ileile ingepata jibu lilelile katika halmashauri nyingi.

Mimi niliingia baadaye, nilipoombwa kusaidia kuandika barua ya pili. Kabla ya kugusa karatasi niliomba nisafiri nao mara moja. Tuliondoka alfajiri kwa mtumbwi wa injini uliobeba magunia ya dagaa, mafuta ya mawese na abiria, na mama niliyeketi naye alikuwa amempakata mtoto wa miaka saba ambaye hawezi kukaa bila kuegemezwa. Kupanda na kushuka hufanyika majini, kwa maana mialo mingi haina gati, hivyo mama hukunja kanga, huingia maji ya magoti, kisha humpokea mtoto kutoka mikononi mwa mpagazi. Tulipofika mjini tulipanda bodaboda hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mazoezi yenyewe yalichukua chini ya saa moja. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilimgharimu mama huyo shilingi 20,000 na siku nzima ya kazi, na hapo bahari ilikuwa shwari (watu wa huku huliita ziwa bahari, nami nimezoea). Kipindi cha upepo wa kusi wapo wanaokaa miezi miwili bila kwenda.

Msomaji asiyeijua hali hii anaweza kuuliza kama miezi miwili ina madhara gani kwa mtoto ambaye ubongo wake uliumia tangu kuzaliwa. Jeraha la ubongo, liwe limetokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na umanjano mkali wa mtoto mchanga, au na homa ya uti wa mgongo, haliongezeki kadiri mtoto anavyokua. Kinachozidi kuharibika ni mwili. Misuli iliyokaza ikiachwa bila kunyooshwa hufupika, goti hukataa kunyooka, nyonga huhama mahali pake, na mtoto ambaye angeweza kukaa kwenye kiti chenye mikanda akala kwa kijiko hubaki wa kulala maisha yake yote. Mazoezi hayaponyi mtindio wa ubongo, na wazazi hawa walikwisha kuambiwa hivyo. Walichokuwa wakikipigania ni tofauti kati ya mtoto anayekaa na mtoto anayelala. Kwa mama wa mwambao tofauti hiyo ni ya kila saa, kwa sababu dagaa walioanikwa huhitaji kugeuzwa na kukusanywa mvua inapotishia, na hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo akiwa na mtoto wa kilo ishirini mgongoni.

Barua ya kwanza iliandikwa Desemba 2022. Nimeisoma mara kadhaa, na ingawa iliandikwa kwa uchungu wa kweli, nadhani ilikuwa imeshindwa kabla haijafika. Ilipelekwa katika juma la Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, yaani tarehe 3 Desemba, siku ambayo viongozi hutoa hotuba na wafadhili hugawa viti mwendo mbele ya kamera. Ilianza kwa maneno "tunaomba msaada wenu wa hali na mali" na ikaishia kwa kuwaombea baraka watakaoguswa. Haikutaja idadi ya watoto, haikutaja gharama, na haikusema ni idara gani inayotakiwa kufanya nini. Barua ya namna hiyo ikifika masjala, karani hulazimika kukisia inakohusika, na kwa kuwa ilikuwa na maneno "walemavu" na "kikundi cha kina mama", ilipelekwa kwa Maendeleo ya Jamii, dawati linaloshughulikia mikopo. Ofisa wa dawati la mikopo akajibu kuhusu mikopo. Mganga mkuu wa halmashauri hakuiona, na ofisa ustawi wa jamii aliiona baada ya jibu kutoka.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na nitakaa hapa kwa muda. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mzuri, na nawafahamu mafundi viatu na washonaji waliosimama kwa fedha hizo. Lakini polepole utaratibu huo umeota tabia ambayo walioitunga sheria hawakuikusudia, kwa maana asilimia mbili imekuwa jibu la kila swali linalohusu ulemavu. Anayeomba fimbo nyeupe huelekezwa kwenye asilimia mbili, anayeomba mkalimani wa lugha ya alama kwenye zahanati huelekezwa hukohuko, na kina mama hawa nao wakaelekezwa.

Tuufuate ushauri ule hadi mwisho wake ili tuone unadai nini. Mtoto wa miaka saba hawezi kukopa, kwa hiyo mzazi ndiye angekopa, tuseme kwa ajili ya biashara ya dagaa. Angepaswa kufanya biashara hiyo akiwa na mtoto mgongoni, apate faida, kutokana na faida arejeshe mkopo wa halmashauri, na kinachobaki kilipe mtumbwi wa kumpeleka mtoto kwenye huduma ambayo, kwa mtoto asiye na ulemavu, serikali huipeleka hadi kijijini bila kumkopesha mtu yeyote. Chanjo ya surua hufika kwa boti hadi kwenye vijiji vilevile. Sijawahi kusikia mzazi akishauriwa kukopa ili mwanawe achanjwe. Mkopo humwezesha mtu mzima kuzalisha, na hurudi. Huduma humfikia anayeihitaji, na hairudi kwa sura ya fedha. Halmashauri inayoviweka viwili hivi katika mfuko mmoja hujikuta imetimiza sheria ya mikopo kikamilifu huku bajeti yake ya huduma za utengamao, kama mazoezi haya ya viungo, ikiwa sifuri, na katika taarifa zake sifuri hiyo haionekani.

Kisha likatokea jambo ambalo ningelitunga mimi, msomaji angeniambia nimezidisha chumvi. Jibu lile lilitoka Februari 2023. Aprili mwaka huohuo, baada ya kasoro zilizoibuliwa na ukaguzi, Serikali ilisitisha mikopo ya asilimia 10 nchi nzima ili kupanga upya utaratibu wake, na haikurejea hadi mwaka 2024. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, mlango pekee walioonyeshwa wazazi hawa ulikuwa umefungwa kwa Watanzania wote.

Mmoja wa akina baba (walikuwa wawili tu kati ya wazazi wote) alipendekeza twende mahakamani. Wazo hilo lilistahili kupimwa kwa makini. Ibara ya 11 ya Katiba inaielekeza Mamlaka ya Nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Hata hivyo, Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa amri ya mahakama yoyote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyofuata baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ina nguvu zaidi, kwani inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu katika maeneo yao, na inaanzisha kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Wakili angeweza kujenga hoja kutoka humo. Lakini mkataba wenyewe, katika ibara yake ya 4(2), unaruhusu haki za kiuchumi na kijamii zitimizwe hatua kwa hatua kulingana na rasilimali zilizopo, na kila mwanasheria wa halmashauri anaujua mstari huo. Tukaamua kwamba sheria itatumika kama msingi wa hoja, na kwamba mapambano yenyewe yatafanyika mahali rasilimali zinapogawanywa.

Bajeti ya halmashauri ina msimu kama ulivyo uvuvi. Vipaumbele hukusanywa kwenye mikutano mikuu ya vijiji, hupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halafu huingia kwa wataalamu wa halmashauri, na baraza la madiwani hupitisha rasimu mapema katika mwaka ili iende TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia serikali za mitaa, na hatimaye bungeni kabla ya Julai mosi. Barua ya Desemba 2022 ilikuwa imefika vipaumbele vikiwa vimekwisha kukusanywa. Kwa hiyo Oktoba 2023 tulianza kijijini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu, na ilituonyesha aibu ambayo sikuitarajia. Daftari la watu wenye ulemavu la kijiji kimoja lilikuwa na majina sita, manne yakiwa ya wazee wasioona. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, na mkoa wa Kigoma pekee ulikuwa na jumla ya wakazi 2,470,967. Majina sita katika kijiji chenye mamia ya kaya hayakuwa hesabu, yalikuwa uficho. Kuna jambo jingine ndani ya takwimu hiyo ambalo wengi hulipita: inawahesabu wenye miaka 7 na kuendelea, ilhali watoto wanaohitaji zaidi mazoezi ya viungo wana miaka miwili, mitatu, minne. Mpanga bajeti anayeitegemea hawezi kuwaona. Kina mama walipita nyumba kwa nyumba, wakaongozana na mhudumu wa afya wa jamii, na baada ya majuma matatu walikuwa wamepata watoto wengine watano ambao majirani hawakujua kuwa wapo. Wawili kati yao wazazi wao walikataa majina yaandikwe, tukaheshimu.

Kazi ya pili ilikuwa bei. Wazazi 14 wa mwanzo, kila mmoja akisafiri mara mbili kwa mwezi kwa shilingi 20,000, wangetumia shilingi 560,000 kwa mwezi, yaani 6,720,000 kwa mwaka, na mzigo huo uko kwenye kaya. Wataalamu wawili wakipita vijiji vyote vitatu kwa siku mbili, pamoja na mafuta ya boti, posho na vifaa vidogo, wangegharimu shilingi 420,000 kwa safari. Kwa safari 12 ni shilingi 5,040,000. Ni kweli kwamba mtoto angeonwa mara moja kwa mwezi badala ya mara mbili, ila mzazi angefundishwa mazoezi ya kila siku kwenye mkeka wake mwenyewe, na mtaalamu tuliyemuuliza alisema kwa mtoto mdogo hilo ndilo lenye faida kubwa. Ukurasa mmoja wa hesabu hizo ulifanya kazi kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika.

Kwenye mkutano wa kijiji upinzani haukutoka kwa waliotudharau. Ulitoka kwa mzee mmoja aliyesimama akasema kwa utulivu, "Wanangu, zahanati yetu haina nyumba ya mganga, na ninyi mnataka mganga wa wachache." Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mama aliyemjibu alimwita baba, akamwambia kwamba ushuru wa dagaa unaokatwa mwaloni haubagui gunia la mzazi wa mtoto mwenye ulemavu na la mwingine, na kwamba yeye amelipa ushuru huo kwa miaka tisa bila kuona hata senti yake ikirudi nyumbani kwake kwa jina la mtoto wake. Hakuomba huruma hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu mkutano ulinyamaza. Kipaumbele kikaandikwa, kikiwa cha nne kati ya vitano.

Kata ilipita haraka. Halmashauri ilichukua muda, na pingamizi lililotukwamisha hatukuwa tumelifikiria: mtaalamu wa fiziotherapia tuliyemtaja ni mtumishi wa hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali hizo ziko chini ya Wizara ya Afya, si TAMISEMI. Mweka hazina aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kasma gani, yaani fungu gani la bajeti, halmashauri imlipe posho mtumishi asiye wake. Swali hilo lingeweza kuua hoja yote. Iliokolewa na mganga mkuu, aliyeeleza kwamba huduma za mkoba, yaani zinazowafuata watu vijijini, za chanjo na kliniki ya mama na mtoto tayari zina kasma ya mafuta na posho, kwamba hospitali ya mkoa inaweza kuombwa kwa barua itoe wataalamu, na kwamba kinachotakiwa ni kuongeza shughuli ndani ya mpango wa afya wa halmashauri. Mheshimiwa Diwani wetu akaidaka hoja hiyo na kuishikilia. Lakini zikaondolewa safari nane. Bajeti ya 2024/25 ilipita ikiwa na safari nne, moja kila robo mwaka, kwa jumla ya shilingi 1,680,000, na ombi letu la viti maalumu vya kukalia likafutwa kabisa.

Nimejiuliza mara nyingi kama tulikosea kukubali. Safari moja kwa robo mwaka haitoshi kwa misuli iliyokaza, na mtu anaweza kusema tuliisaidia halmashauri kujisifu kwa bei nafuu. Kwa upande wangu naona kasma yenye shilingi moja ni tofauti na kasma isiyokuwepo, kwa sababu iliyopo huulizwa utekelezaji wake kila robo na mwaka unaofuata hujadiliwa iongezwe au ipunguzwe; isiyokuwepo haina hata pa kuulizwa. Kosa letu halisi naliona kwingine. Katika kuhesabu tulikutana na viziwi vijana wanane wasiojua lugha ya alama, wanaoishi katika mkoa wa jirani na Tabora, ambako kanisa lilifungua shule ya kwanza ya viziwi nchini tangu mwaka 1963. Tuliyaandika majina yao, kisha tukayaacha nje ya ombi ili hoja yetu isiwe ndefu. Wao hawakuulizwa kama wanakubali kusubiri.

Mwaka wa fedha ulianza Julai mosi 2024, na wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Sina ugomvi na kulipumzisha ziwa. Lakini kasma yetu ilitegemea mapato ya ndani, na dagaa wasipovuliwa ushuru haupo, hivyo robo ya kwanza fedha hazikutoka. Huu ndio udhaifu ambao ningependa waombaji wengine wa mwambao wauone mapema: huduma ya mtoto isiyoweza kusubiri imefungwa kwenye mapato yanayopanda na kushuka pamoja na samaki, wakati ruzuku ya Serikali Kuu ingeweza kuibeba miezi ambayo mialo imelala. Katika ombi la mwaka uliofuata tulitaka safari mbili kati ya nne zihamishiwe huko. Tulijibiwa kwamba suala hilo litaangaliwa.

Boti ya kwanza ilifika Desemba 2024, ya pili Machi 2025. Watoto 16 walionwa, wakiwemo wawili ambao majina yao yalikuwa yamefichwa. Wazazi wao walikuja wenyewe siku ya pili, jioni, watu walipokuwa wamepungua. Boti ya robo ya nne haikuja. Wenyeviti wa vijiji walikuwa wamebadilika kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, na katikati ya 2025 mabaraza ya madiwani yalivunjwa kuelekea Uchaguzi Mkuu wa Oktoba, kwa hiyo diwani aliyeijua kasma hiyo hakuwa tena na kiti cha kuulizia.

Mkutano mkuu wa kijiji uliofuata niliuhudhuria nikiwa nimekaa nyuma. Mtendaji aliposoma taarifa ya mapato na matumizi, yule mama wa mtoto wa miaka saba, ambaye sasa ana miaka tisa na anakaa akiwa ameegemea ukuta bila kushikwa, alinyoosha mkono. Alikuwa na ile karatasi ya hesabu, imekunjwa mara nne na imelainika pembeni. Akauliza: "Ndugu Mtendaji, katika 1,680,000 zimetumika 840,000. Naomba tuelezwe zilizobaki ziko kwenye kasma gani." Mtendaji akasema hana jibu siku hiyo, akaliandika swali kwenye muhtasari, na mama akasubiri amalize kuandika, akaomba lisomwe tena kwa sauti kabla hajakaa.